Punguzo la Mboga za Kambini

Asubuhi moja haijanitoka moyoni hata leo, mwanangu, ingawa nyingine nyingi zimenipita kama maji mferejini. Ilikuwa wakati wa ile vita kuu ya pili, nami ni mke mgeni hapa Changamwe, sijamaliza hata mwaka tangu Yohana anioe na kunileta kwa mama yake. Masika yalikuwa yamenyesha vizuri mno. Mchicha ulisimama hadi magotini, mabamia yalikomaa kabla hujageuka, na maboga yalitambaa mpaka kando ya njia ya reli kama watoto wasio na mlezi. Utadhani hiyo ni neema tupu. Lakini mkulima anajua kwamba neema nayo huoza.

Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa kambi ya askari, kule juu walikokuwa wakitengeneza uwanja wa ndege. Vijana wa kila kabila walijaa humo, na wote walikuwa wamechoshwa na maharagwe na nyama kavu. Kila mwenye shamba alikuwa akipeleka pakacha lake getini na kuuza kivyake. Kisha likaja neno kwamba kambi haitaki tena utitiri wa wauzaji. Inataka mapatano na mtu mmoja au kundi moja, na itampa kazi hiyo yule atakayetoa punguzo. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye lori lake, alikuwa ameshapeleka salamu zake. Akipata yeye, mboga zetu zingekosa pa kwenda. Soko la mjini, kule kisiwani, ni mbali kwa miguu, na msimu ule mchicha sokoni ulikuwa rahisi kama majani ya njiani.

Basi Jumapili moja baada ya ibada, majirani wakakaa barazani mwa kanisa wakanichagua mimi niende kuzungumza. Usidhani walinichagua kwa busara. Nilikuwa nimesoma kwa wamisionari kule Rabai, na watu wakaona kwamba mtu aliyesoma haogopi viatu vya jeshi. Mzee Kalama, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko sote na ulimi mkali kuliko sote, alisimama akasema, "Huyu mke wa Yohana ana Kiingereza. Kikimtoka pale getini, hata mbwa wa kambi atakaa chini asikilize."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikavimba kidogo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mwanangu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutia.

Waliniambia bei yetu, wakaniambia na mwisho wa kushuka. Nisivuke hapo, walisema, kwa sababu katika bei hiyo mlikuwamo ujira wa vijana wanaobeba mapakacha kichwani hadi kambini, na mlikuwamo hasara ya mboga zinazonyauka njiani kwa jua na kukataliwa getini. Kisha wakanipa mwenzangu wa kufuatana naye, Mwana Esha, mama mtu mzima wa ukoo wa mjini aliyehamia huku zamani. Aliwahi kuwapikia vibarua wa reli wali na mchuzi kwa miaka mingi, na alikuwa akinunua mboga kwetu. Aliniambia, "Mimi ntakaa kando, mwanangu. Maneno ni yako."

Tulimkuta Sajini Mutiso ndani ya stoo, ameketi juu ya gunia la unga. Alikuwa Mkamba mrefu, mzito wa sauti, mwenye kijiti cha meno mdomoni. Ndiye aliyesimamia vyakula vya kambi, na juu yake alikuwapo mkubwa wake Mzungu, ambaye hatukumwona. Tukaamkiana. Nikataja bei yetu.

Sajini hakujibu. Alitazama dari.

Nilingoja. Nikawaza, huyu amekataa. Yule wa mjini ameshapata. Nitawaambia nini watu? Nikafungua kinywa nikapunguza. Sajini akahamisha kijiti chake kutoka pembe hii ya mdomo hadi pembe ile, asiseme neno. Nikapunguza tena, na safari hii nikaruka ule mpaka niliowekewa, nikaanguka upande wa pili.

Hapo Sajini akakitoa kijiti. "Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "mimi nilikuwa nafikiria kama tutanunua na maboga pia. Lakini hiyo bei yako ya mwisho iko mzuri sana. Nashukuru. Keshokutwa rudi, nitapeleka hiyo habari kwa bwana mkubwa aandike."

Tulipita geti, tukashika njia ya nyumbani, ndipo Mwana Esha akafungua kinywa.

"Sidi," akaniita.

"Abee."

"Yule bwana alikwambia ni ghali?"

"Hakuniambia."

"Alikwambia punguza?"

"Hakuniambia. Lakini alinyamaza, Mwana Esha."

"Sasa wewe umepatana na nani, mwanangu? Umetaja bei mwenyewe, ukaikataa mwenyewe, ukaishusha mwenyewe. Wallahi, mapatano ya mtu mmoja sijayaona tangu nizaliwe."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Aliningoja nimalize, akaokota upande wa kanga yangu uliokuwa ukiburuta vumbini, akanirudishia begani.

"Na hilo punguzo ulipolitoa, ulimwomba nini?"

"Sikumwomba kitu."

"Basi si punguzo hilo, ni sadaka. Na sadaka sisi twatoa msikitini, nyinyi mwatoa kanisani. Kambini hapana sanduku la sadaka."

Yalikuwa maneno machache, mwanangu, lakini nimetembea nayo maisha yangu yote.

Habari ilifika kabla yetu, sijui kwa miguu ya nani. Alasiri majirani walijaa uani kwetu. Mzee Kalama hakuketi. "Kiingereza kimetoka kweli," akasema, "na mashamba yetu yametoka nacho." Wengine niliwaona wakihesabu kimoyomoyo, na uso wa mtu anayehesabu hasara ni mgumu kuutazama. Nilikuwa mgeni pale. Kama jambo lile lingeharibika, ningeitwa mke aliyekuja na njaa hadi uzeeni. Mavyaa wangu, mama yake Yohana, aliniwekea sahani ya muhogo mbele ya watu wote akaniambia, "Kula kwanza. Akili haikai kwenye tumbo tupu." Hilo nalo sikulisahau.

Ukatolewa ushauri. Apelekwe mtu mwingine akaseme kwamba yule mwanamke hakutumwa, bei ile hatuijui. Nami, kusema kweli, niliutamani ushauri huo kama mgonjwa anavyotamani maji. Mwana Esha ndiye aliyeukataa.

"Neno limetoka mbele yangu," alisema. "Mkilikana leo, kesho hata la kweli hamtaaminiwa. Maji yakimwagika hayazoleki, nakubali. Lakini aliyemwaga hakatazwi kurudi kisimani. Iacheni bei. Muulizeni yule bwana yale ambayo huyu mtoto alisahau kuuliza."

"Tumuulize nini?" Mzee Kalama akafoka. "Atuombee dua?"

"Hayo mwayajua nyinyi wenye mashamba. Mimi najua kupika."

Kisha mtu mmoja akauliza, katika pato letu ni nini hasa kinachokula fungu kubwa? Tukajibu karibu kwa pamoja. Njia ndiyo iliyokuwa ikitula. Ni ule ujira wa kubeba, na jua linalonyausha mboga kabla hazijafika. Nami ndipo nikakumbuka vumbi. Kila alfajiri lori la kambi hushuka stesheni kuchukua posho, chakula cha askari, na likirudi linapita njia panda yetu nusu tupu, likitufunika vumbi sisi na mapakacha yetu. Tulikuwa tumelilaani lori lile msimu mzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulipungia mkono lisimame.

Keshokutwa yake tukarudi, mimi na Mwana Esha. Miguu yangu haikuwa na nguvu nyingi kuliko siku ya kwanza, lakini sasa nilikuwa na swali, na swali ni fimbo ya kutembelea.

"Sajini," nikasema, "bei niliyoitaja nimeitaja, siikani. Mimi nimekupunguzia bei. Nawe nipunguzie mzigo. Lori lenu likirudi na posho lisimame njia panda, litukute tumeshafunga mapakacha, lituchukulie mboga. Na maboga uliyokuwa ukiyafikiria, uyachukue pia. Na jua la kiangazi likituunguzia mashamba, turudi kwa bei ya zamani."

Sajini akakiweka kijiti mdomoni. Akatazama dari.

Mwanangu, kile kimya! Nzi alitua kwenye gunia, akatembea, akaruka, akatua tena. Ulimi wangu ulikuwa ukipapatika kinywani kama kuku aliyefungwa miguu. Nilitaka kusema, basi maboga yaache. Nilitaka kusema, basi hata lori si lazima. Mwana Esha alikuwa akitazama nje, anapangusa vumbi kwenye buibui lake kana kwamba hanijui. Nikauma ulimi. Nikakumbuka wahenga waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu, nikaamua kwamba leo mshindo uanzie upande wake.

Ukaanzia. "Mama, leo umekunywa dawa gani?" Sajini akacheka mpaka gunia likatoa unga. "Lori ni ya serikali, si ya shangazi yangu!"

"Na askari ni wa serikali," nikamjibu. "Watakula mboga mbichi au zilizonyauka?"

"Yule wa mjini ana lori yake. Hasumbui mimi."

"Ana lori, hana shamba. Mboga atazinunua wapi kama si kwetu? Na kwetu atazikuta kwa bei gani?"

Sajini akanyamaza tena, lakini safari hii alikuwa akinitazama mimi. "Hiyo iko maneno ya kweli," akasema, akainuka akaenda kwa mkubwa wake. Alikaa huko hadi kivuli cha mlango kikahama. Aliporudi alisema lori litasimama, na maboga watachukua, yote, makubwa kwa madogo. Kuhusu kiangazi, bwana mkubwa amekataa bei kupanda. "Lakini amesema jua ikija, leteni kile mnacho. Hakuna mtu atalaumu nyinyi, hakuna faini." Sikupata yote, lakini nilipata ya kutosha kuinulia uso.

Siku ya kwanza lori liliposimama njia panda, mboga zilipanda na umande wake. Sajini hakurudisha hata fungu moja. Vijana waliokuwa wakibeba kichwani tuliwapa kazi ya kumwagilia, na mashamba yakanywa maji kuliko yalivyozoea. Bei ilikuwa ndogo, ndiyo, ila iliyobaki mkononi ilizidi ile ya zamani, kwa kuwa njia haikutula tena. Mzee Kalama hakuniomba radhi, hiyo haikuwa desturi yake. Alipita kwetu asubuhi moja amebeba boga kubwa kichwani, akalitua mlangoni, akamwambia mavyaa wangu, "Hili ni la yule mkweo mwenye Kiingereza," akaenda zake. Mwaka uliofuata alilima maboga hadi mpaka wa mwisho wa shamba lake.

Vita ikaisha, kambi ikafungwa, askari wakarudi makwao. Wengi walidhani na sisi tumekwisha. Sisi wanawake tukajikusanya, tukaenda kwa wale wanaolisha wagonjwa wa hospitali ya serikali. Walipotuomba punguzo tulikubali, kisha tukakaa, tukauliza letu. Kwa punguzo hilo wanangu walisoma, na wenzangu wakaezeka nyumba mabati.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu naona na wewe sasa unaanza kutumwa na watu. Utakwenda kusimama mbele ya wanunuzi wakubwa, wenye mihuri na viti virefu. Jua kwamba punguzo si aibu. Mwenye kununua kingi ana haki ya kupunguziwa, na mkono mtupu haulambwi. Lakini usitoe bila kuomba, hata kama unachokiomba ni kidogo, maana mtu hathamini alichookota njiani. Kabla hujaenda, waulize waliokutuma ni nini kinachowala, kwa kuwa mara nyingi dawa ya kidonda chako iko kwa mwenzio na kwake haimgharimu kitu. Mwenzio akinyamaza, mwache anyamaze. Pengine anafikiria maboga. Ukikosea, usilikane neno lako, rudi nalo mkononi ulitafutie mwenzake. Na zaidi ya yote, bei unayoibeba kwenda nayo ina jasho la watu wengi. Ishike kama unavyomshika mtoto wa jirani, usiiangushe kwa hofu yako.

Mungu akupe ulimi mzito wa kujishusha na mwepesi wa kuuliza. Akukutanishe na watu watakaokukemea bila kukuacha njiani. Shamba lako lisikose mvua, mvua yako isikose mnunuzi, na kila utakapotoka kwenda kusemea watu, urudi nyumbani wakiwa bado wanataka kukuona. Amina, mwanangu. Nenda salama.