Nilivyovuka Ziwa Kwenda kwa Akinyi

Miaka ya kwanza baada ya uhuru, binti yangu Akinyi alijifungua kisiwani Mfangano, nami sikuweza kwenda kumwona. Tangu ziwa limchukue ndugu yangu, kuona mashua tu kulinitoa jasho. Ndipo dada yangu wa Muhuru Bay akanitumia habari: jirani yake, Mama Padma, mke wa mwalimu aliyetoka Seloni, nchi ya Wabuddha, alijua namna ya kukaa na hofu. Nikafunga mzigo.

Alfajiri nilipanda basi Rangwe. Migori tulinyoosha miguu, nikanywa chai, kisha ikawa vumbi tupu hadi Muhuru Bay, ambako omena, dagaa wa ziwani, zilianikwa ufuo mzima.

Jioni dada alinipeleka kwa Mama Padma. Nilimwambia wazi, "Mimi ni Mkristo. Sitaki kubadilishwa dini."

Akacheka. "Nani atakubadilisha, mama? Buddha alifundisha kuangalia. Keti."

Tukaketi barazani. Kwanza niliangalia mwili, pumzi ikiingia na kutoka. Kisha hisia, tamu au chungu. Kisha moyo wenyewe, umetulia au umechafuka. Mwisho, mambo yanayoufunga moyo na yanayoufungua.

"Hofu ikija, usiifukuze wala usiifuate," alisema. "Sema tu: hii ni hofu. Iangalie ikija, iangalie ikienda."

Mwanzoni nililia tu, nikimwona ndugu yangu. Mama Padma alikaa kando yangu mpaka nikamaliza, na kesho yake tukaanza tena.

Asubuhi ya kuvuka, dada alinishika mkono hadi kwenye mashua. Mbali na nchi kavu wimbi likatupiga, nikashika ukingo wa mashua kwa mikono miwili.

"Mama, turudi?" nahodha akauliza.

Pumzi ikaingia. Hii ni hofu. Kifua kimebana. Sasa kinalegea.

"Twende mbele, mwanangu!"

Mfangano, Akinyi alikuja mbio ufukoni, mtoto kifuani.

"Mama! Wewe? Kwa mashua?"

Nilicheka nikishuka mashuani. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikampakata mjukuu wangu, miguu ingali ndani ya maji.

Kurudi, nilivuka hadi Homa Bay nikiwa nimeketi mbele kabisa. Hofu ilikuja tena, ikapita. Nilikuwa nimejifunza kwamba si lazima iishe ndipo mtu aondoke.

Jumapili, kanisani Rangwe, wenzangu, waliojua hofu yangu, waliniuliza kwa mzaha nilizungukia wapi hadi nikafika kisiwani.

"Sikuzunguka," nikawaambia. "Nilipita majini."