Simu Imejaa Chaji, Boda Imezima

Watu wangu, leo nimesukuma pikipiki nikiwa na viatu vya kisigino. Raha tupu.

Nilikuwa naenda Maseno kusalimia wazazi wa mchumba wangu mara ya kwanza. Simu ilikuwa karibu kuzima.

"Madam, chomeka hapa," mwenye boda akaniambia. "Hii pikipiki ni ofisi."

Ofisi kweli! Chaja, spika, taa za rangi kama disko matanga.

Mvua ikatushika, tukajikinga kibandani. Mwenye boda akazima injini. Ofisi ikaendelea na kazi.

Mvua ilipokatika, simu yangu ilikuwa imejaa. Betri ya pikipiki ilikuwa imekufa.

"Sukuma kidogo tu, madam."

Nikasukuma huku nikimtukana matusi yote ninayoyajua. Mama mmoja mpita njia akaweka kikapu chini, akatusaidia kusukuma.

Pikipiki ikakataa.

Nikamuuliza yule mama kama anajua kwa Mzee Otieno, baba wa mchumba wangu.

Akajipangusa matope. "Ni kwangu. Karibu nyathina, mtoto wangu. Hayo matusi uyaache hapa barabarani."

Sasa niko kwake, nakunywa chai nikiangalia sakafu.

Nyinyi mngesema nini?