Mada Ilikuwa Kitanda cha Sita

Nakumbuka Alhamisi moja ya baridi, mwezi wa saba, nimekaa chumba cha chai cha wodi hapa Johannesburg, naandika upya mada ya uzamivu wangu wa uuguzi kwa mara ya nne. Mwanangu, umeniandikia kwamba una mada tatu nzuri za uzamivu wako na hujui uchague ipi. Ngoja kwanza nikupe yangu, uone aibu iliyonipata.

Nilikuwa na miaka thelathini na tano, nimepanga chumba mtaa wa Bellevue, kwenye nyumba kuukuu ambayo kila mlango ni nchi yake. Mimi mtoto wa Tanga, lakini Kiswahili nilikifungia kabatini na mkoba wangu kila nikiingia kazini. Nilitaka wenzangu wasahau kuwa nimetoka nje. Kilikuwa Kiingereza kitupu, na Kizulu cha kuungaunga. Kiswahili nilizungumza na mama tu, kwa simu, kwenye koridoni ya wodi, kwa kunong'ona kama mwizi. Nilikuwa mpweke sana, na upweke wenyewe niliujenga kwa mikono yangu.

Mada yangu ilikuwa mfumo wa kompyuta wa kuzuia wagonjwa kuanguka kitandani. Maprofesa waliipenda. Kasoro yake ni moja tu, wodini kwetu hakuna aliyekuwa akianguka.

Kitanda cha sita alilala Mama Neema, fundi cherehani Mkongo kutoka Bukavu, wanakosema Kiswahili kama sisi, mwenye kisukari na kidonda cha mguu. Siku ya kuruhusiwa nilimsomea maelekezo kwa Kiingereza: asiloweke mguu, abadilishe bandeji, arudi kliniki Jumatatu. Kila nilipovuta pumzi aliitika, "Yes, sista." Nikaweka tiki kwenye fomu kwamba ameelewa. Na sikufichi, nilijua kabisa kwamba watu wetu humwitikia muuguzi hata kama hawajaelewa, maana kumuuliza mara ya pili mtu mwenye sare wanaona ni utovu wa adabu.

Wiki mbili baadaye alirudishwa. Alikuwa akiuloweka mguu kwenye maji moto ya chumvi, asubuhi na jioni, kama alivyofundishwa na mama yake. Vidole viwili vikakatwa.

Nikiwa namfunga bandeji, akanitazama kwa upole ulioniumiza kuliko tusi. "Binti, siku ile nilikusikia koridoni, uko kwa simu, unasema Swahili na mama yako. Juu ya nini uliniacha peke yangu?"

Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, machozi yakinitoka, akanishika mkono. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha ulimi, akalipia yeye.

Ile mada ya kompyuta nikaitupa. Mpya ilikuwa hivi: mgonjwa asiruhusiwe kabla hajaeleza, kwa lugha yake, atajitunzaje nyumbani. Profesa wangu alisema ni ndogo mno. Wagonjwa wazee wodini nao walininunia nilipowaambia, "Rudia nilichosema," wakaona nawafanya watoto wa shule. Aliyenisaidia ni Mama Neema huyo huyo. "Usiniulize kama mwalimu," alisema. "Uliza hivi: ukifika nyumbani, utamwambia binti yako nini?" Eish, mwanangu, miaka yangu yote ya kusoma na swali lile sikuwa nalo. Mradi mzima ulisimama juu yake.

Sasa Mama Neema hayupo tena duniani. Mimi niko Kensington, hapa hapa Johannesburg, nimestaafu, na wajukuu wangu wananielewa nikisema, lakini wananijibu Kiingereza. Siku nyingine nafika jioni sijasikia neno la Kiswahili ila langu mwenyewe.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ziache mada za kupendeza. Rudi wodini, ukae, utafute jambo ambalo ukilikumbuka unaona haya, kisha muulize mgonjwa mwenyewe kabla hujamuuliza profesa. Likionekana dogo, liache liwe dogo.

Halafu nipigie Jumapili. Ukifika kwa profesa wako, utamwambia nini? Nieleze kwa maneno yako, polepole, mimi nina nafasi. Mola akupe sikio la kusikia wanaoitika tu, na popote atakapokulaza ukiugua, usikose mtu wa kukusemesha kwa lugha yako.