Digrii ya Kathini na Mshahara wa Lorine

Kathini alipata B katika mtihani wa kidato cha nne, na ploti yao yote, ile nyumba ya orofa ya wapangaji pale Mowlem, Nairobi, ikajua kabla hata hajamaliza kuisoma ile meseji ya matokeo. Mama yake, Kalekye, ndiye aliyetangaza. Alijifunga leso kiunoni, akasimama kwenye ngazi na kupiga vigelegele mpaka mwenye duka la chini akazima redio asikie kuna nini. Tangu siku hiyo jina la Kathini likafa. Akawa Sista.

"Sista, njoo unipime presha!" majirani walimtania, naye hajui hata ule mkanda unafungwa mkono upi.

Uuguzi aliupenda, hakulazimishwa na mtu. Mdogo wake alipoungua kwa chai mwaka juzi, Kathini alikaa zahanati akitazama kidonda kikisafishwa, akauliza maswali mpaka muuguzi akachoka. "Wewe shika hii bandeji, unyamaze kidogo," aliambiwa. Akaishika. Alirudi nyumbani akijiona kama ametibu mtaa mzima.

Kwa hiyo kwenye mtandao wa kuchagua kozi alijaza digrii ya uuguzi. Hakuangalia ada. Nani huangalia ada siku ya kwanza? Alipokuja kuiangalia, macho yalimtoka. Serikali ingelipa sehemu, mkopo ungelipa sehemu kubwa, na kipande kilichobaki kilikuwa cha baba yake, Nyamai, dereva wa lori la unga. Nyamai alikitazama kipande hicho kwa muda, akasema, "Tutajaribu." Kathini aliijua "tutajaribu" ya baba yake. Ndiyo iliyoahidi kununua friji.

Hapo ndipo alipopanda orofa ya juu kumwona Lorine, ambaye ana digrii hiyo hiyo na anafanya kazi katika kliniki moja ya binafsi huko Umoja. Alirudi chini, akapiga hesabu upya. Siku ya tatu akamwambia mama yake kwamba anataka kubadilisha, achukue diploma.

Kalekye alikuwa anachambua maharagwe. Akayaacha.

"Diploma? Na hii B umeipata ya kupamba ukuta?"

"Mama, nisikilize kwanza..."

"Nguo zimeshakatwa, Kathini!"

Na kweli zilikuwa zimekatwa. Chama cha Kalekye, kile cha akina mama wa kuchangiana, kina desturi yake: mtoto wa mwanachama akiitwa chuo kikuu, akina mama humsindikiza kwa sare mpya, sanduku, blanketi na nyimbo. Wa diploma huombewa tu, akapewa soda. Kalekye alikuwa amesindikiza watoto wa wenzake miaka nenda miaka rudi, na zamu yake ilipokaribia, subira ilimshinda. Barua ya kuitwa haijatoka, yeye amekwisha waongoza wenzake hadi Eastleigh, kwa Jimale muuza vitambaa, na fundi amekwisha pitisha mkasi.

"Sasa nguo ndiyo inanichagulia kozi?" Kathini aliuliza, sauti ikipanda bila kutaka.

"Usinipigie kelele. Huyo Lorine amekutia uvivu. Hataki ufike alipofika. Twende, aniambie mimi mwenyewe!"

Wakapanda, Kalekye mbele, ngazi zikilia. Lorine alifungua mlango akiwa bado na yunifomu ya kazini, miguu imetoka kwenye beseni la maji ya chumvi muda mfupi tu uliopita, maana alama za maji zilimfuata sakafuni.

"Karibu, Mama Kathini. Ningewapikia chai lakini gesi iliisha jana."

"Sikujia chai, mwanangu. Wewe ulipomaliza masomo si tulikuchezea hapa chini mpaka polisi wakaja kuuliza?"

"Mlinichezea, mama. Mkopo ndio haukucheza."

Kathini nusura acheke. Kalekye hakucheka.

Lorine akaketi kitandani, akaeleza bila haraka. Alisoma miaka minne. Akangoja kupangiwa hospitali ya kufanyia mafunzo ya vitendo, akangoja mpaka akaanza kuuza mayai ya kuchemsha. Akamaliza mafunzo, akangoja tena kuajiriwa na kaunti. Hakuajiriwa. Kliniki ikamchukua kwa elfu thelathini za kila mwezi, na huku nyuma deni la mkopo limepita nusu milioni na bado linapanda.

"Kuna mwenzangu kule, anaitwa Nabwire. Tunashika zamu moja, tunachoma sindano moja, tunatukanwa na mgonjwa mmoja. Yeye ana diploma. Mshahara wetu, mama, ni ule ule. Tofauti yetu ni kwamba yeye ukiingia ni wake."

"Kwa hiyo digrii ni takataka?" Kalekye aliuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hapana. Ukitaka kuwa mkubwa wa wadi itakusaidia. Ukitaka kwenda ng'ambo itakusaidia. Lakini hata nauli ya kwenda huko inataka mtu asiye na deni. Nabwire ataongeza masomo akiwa kazini, polepole, kwa pesa yake. Mimi sikumwambia Kathini aache. Aliniuliza ninalipwa ngapi. Ulitaka nimdanganye?"

Kalekye alikaa akitazama zile alama za maji. Kathini naye alikuwa na hasira, na hakujua azielekeze wapi. Mama yake hakuwa na kosa. Lorine hakuwa na kosa. Yeye, Kathini, alikesha juu ya vitabu miaka minne ya sekondari, mlango ukafunguka, na sasa yeye mwenyewe ndiye anayepaswa kuurudisha kwa mkono wake. Mbona anayesoma zaidi adaiwe zaidi, kisha alipwe sawa? Swali hilo alilisema kwa sauti.

"Ukipata jibu, niletee na mimi," Lorine akasema.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha kozi. Kathini alidhani ataenda saiba, kule kwenye kompyuta za kulipia, peke yake, lakini Kalekye alivaa viatu akamfuata bila neno. Foleni ilikuwa ndefu. Bwire, kijana wa saiba, alifungua ukurasa, akaona alama, akageuka.

"Aii, siz, na hii B unaweka diploma juu ya digrii? Watu wanalilia hiyo nafasi."

Kathini alihisi uso ukimchoma. Akamtazama mama yake, nusu akiomba azuie. Mama angezuia, pengine Kathini angekubali.

Kalekye aliinama, akaisoma skrini kwa kidole kama asomavyo Biblia.

"Hii ni miaka mingapi?"

"Mitatu," Kathini akasema.

"Na ukimaliza, utadaiwa?"

"Kidogo. Baba anaweza."

Nyuma yao mtu akasonya. "Wamama, tusonge basi!"

"Ngoja, wewe! Unajua tunaacha nini hapa?" Kalekye alimgeukia kwa ukali, macho yamelowa. Kisha akamgusa binti yake begani. "Bonyeza."

Kathini akabonyeza. Alitarajia angalau kifua kingekuwa chepesi. Hakikuwa. Alilipa, akachukua karatasi yake, na mpaka wanafika nyumbani alikuwa akijiuliza kama ploti itaendelea kumwita Sista.