Alama Aliyoinyamazisha Machage

Mdogo wangu Machage anaandika kerneli, ile programu inayoamka kwanza kifaa kikiwashwa na kuzipa nyingine zote amri. Mama yetu kule kijijini husema anatengeneza redio, na mimi nimechoka kumsahihisha. Anafanyia kazi nyumbani kwake Bweri, hapa Musoma, kwenye chumba kisichopigwa lipu, na ukimsalimia akiwa anawaza anaitikia kesho yake.

Kampuni yake ilitoa vifaa vya kupima ubaridi wa friji za chanjo. Kila dakika tano kifaa huandika nyuzi joto na muda. Umeme ukikatika, friji na kifaa huzimika pamoja. Kinachobaki kikitembea ni saa ndogo ya ndani, inayolishwa na betri bapa kama kifungo cha koti. Umeme ukirudi, kerneli huiuliza saa hiyo muda. Ikijibu uongo, kumbukumbu nzima inakuwa ya uongo.

Mwaka huu Marcelina, mhudumu wa zahanati moja ya Kibara, alisimamishwa kazi. Kumbukumbu ilionyesha friji ilizimika tangu saa nne asubuhi hadi saa moja jioni, na chanjo zote zikatupwa. Yeye akashikilia kwamba umeme ulikatika dakika tano tu. Machage aliposikia hakula. Nikafunga duka nikaenda naye, maana peke yake angepitiliza Bunda bila kujua.

Marcelina aliitwa zahanati atueleze, mganga mfawidhi, mkuu wa pale, akiwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo mama," Machage akasema. "Siku ile ulikigusa kifaa?"

"Marahaba mwanangu. Fundi alituambiaga saa ikianza kuchelewa, betri imechoka. Sasa betri ikichoka si tunaianikaga juani? Hata za tochi tunafanyaga hivyo. Nikaitoa nikaianika pale dirishani. Ndiyo umeme ukakatika."

Nilitaka kucheka, kisha nikamwona Machage ameketi kwenye benchi la wagonjwa, ameshika kichwa. Saa ilikuwa imebaki bila betri, na umeme uliporudi ikazinduka na muda wa kubahatisha. Lakini saa hizo zikipoteza nguvu huinua alama ya kusema usiniamini. Machage aliinyamazisha. Wakati wa majaribio ilikuwa ikijiinua hata betri ikiwa mpya, bosi akalalamika, naye akaandika mstari mmoja wa kuipuuza. Nilimkasirikia sana. Mtu anayerudi mara tatu kuhakikisha amefunga mlango!

Hakujificha. Alimweleza mganga kila kitu, akasema kosa ni lake, si la mama huyu.

"Sawa," mganga akasema. "Basi niandikie kwamba umeme ulikatika dakika tano."

Machage akakataa. "Siwezi. Naweza kuandika kwamba yale masaa tisa ni uongo. Muda wa kweli hakuna aliyeuhesabu."

"Mimi nilikuwepo," Marcelina akasema. "Maji ya chai hayakuwa yamepoa."

Mganga akamjibu kwamba chai si ushahidi, na kwa kuwa hapakuwa na muda mwingine wa kuandika, ripoti ya masaa tisa ikabaki kwenye faili, naye Marcelina akabaki amesimamishwa. Tulirudi Musoma hatusemezani. Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira naye.

Akaandika upya. Sasa kerneli ikiiona alama ile haiiamini saa. Inaandika "muda haujulikani" na kuendelea na kazi. Wenzake wakamsifu, marekebisho yakaingia kwenye vifaa vyote. Akampigia Marcelina simu kumweleza, akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. Mama wa watu alisikiliza hadi mwisho, wala hakugomba.

"Sasa kifaa kikisema hakijui," akauliza, "wanamwuliza nani?"

Machage akaisogelea simu.

"Mhudumu aliyekuwepo."

Marcelina akakata simu.