Randa Mbili za Mzee Chepyegon

Ukiteremka kutoka Boito kuelekea mtoni utapita katikati ya maboma mawili yasiyosalimiana. La kulia ni la Kiplimo, la kushoto ni la Johana. Kati yao kuna ua wa kayaba ambao haukatwi, kwa sababu kila mmoja anasema ni wa mwenzake. Umekua mpaka ng'ombe wa huku hawaoni ng'ombe wa kule. Nimepita hapo miaka mingi katika kutembea kwangu, nimekunywa chai pande zote mbili, na pande zote mbili nimeambiwa kwamba ng'ambo ya ua hakuna mtu.

Hawa wawili ni ndugu. Baba ni mmoja, marehemu Mzee Chepyegon aliyekuwa fundi wa mbao, lakini mama ni wawili. Kiplimo ni wa nyumba kubwa na Johana ni wa nyumba ndogo. Habari ninayoandika ni ya Johana, maana ndiye aliyebaki fundi, ingawa ilibaki kidogo tu asiwe.

Mzee alikuwa na kibanda chake cha kazi nyuma ya nyumba, na humo alitengeneza mbao ambazo watu wa Boito walikuwa wanaziita mbao za kuumana. Ni mbao za dari na za ukuta. Ukingo mmoja wa mbao umechongwa ulimi, ukingo wa pili umechimbwa mfereji, na ukizipanga, ulimi wa hii unaingia kwenye mfereji wa ile, basi upepo haupiti wala vumbi haidondoki. Kazi hiyo ilitaka randa mbili, moja ya kutoa ulimi na nyingine ya kuchimba mfereji. Mzee aliachiwa hizo randa na fundi Mhindi wa Kericho aliyemfundisha kazi. Zilikuwa za mti mwekundu, mikono imezing'arisha kama kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, na alizilaza pamoja kwenye gunia moja.

Mzee alipokufa, mwaka wa tisini na moja, wazee wa ukoo walikaa kugawa mali kwa nyumba, kama desturi ilivyo. Ng'ombe waligawanyika vizuri. Majani chai yaligawanyika kwa kufuata mtaro. Wakafika kwa vyombo vya kazi. Msumeno mkubwa ukaenda nyumba kubwa, patasi zikaenda nyumba ndogo, halafu mzee mmoja akafungua lile gunia akaona randa mbili. Wazee walifurahi sana. Nyumba ni mbili na randa ni mbili, ugomvi utatoka wapi? Wakasema kila nyumba ichukue moja.

Watu waliojua kwamba randa hizo hazitengani walikuwa wawili tu, na wote walinyamaza. Johana alinyamaza kwa sababu kijana wa nyumba ndogo hafungui mdomo wazee wakigawa. Kiplimo alinyamaza kwa sababu ndiye angechagua kwanza. Akachukua ya ulimi.

Na hakuitumia hata siku moja. Kiplimo alikuwa mtu wa chai na ng'ombe wa maziwa, hakupenda vumbi ya mbao. Aliitundika sebuleni karibu na kalenda, mgeni akiuliza ni nini, anaambiwa ni urithi. Johana alituma mjumbe aiombe, akajibiwa alete ya kwake zikae pamoja kwa nyumba kubwa. Naye akajibu kwamba afadhali ya kwake aifanye kuni. Hapo ndipo kayaba ilipoachwa ikue.

Sasa Johana mwenyewe msimdhanie kuwa mtu mtamu. Hata kabla ya hayo alikuwa mkali, na baada ya hayo akawa kama nyuki. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu anakuangalia juu mpaka chini, anauliza kama huko kwenu mnakaa au mnaruka. Alijaribu kuchonga ulimi kwa patasi na randa ya kawaida, ukawa unapinda, mbao zikawa haziumani. Akaziacha. Akabaki na vitanda, milango ya zizi na majeneza, halafu majeneza yakaanza kutoka Bomet yakiwa yamepakwa vanishi, na watu wakayapenda hayo. Mke wake Dorine ndiye aliyekuwa akilisha nyumba kwa kuchuma chai, na Johana hakupenda kuulizwa habari hiyo.

Ndipo ikaja kazi ya kanisa. Kanisa letu la Boito lilikuwa limeezekwa mabati bila dari, na kwetu mvua ni ya kila alasiri. Ikianza kupiga mabati, mhubiri anaonekana akifungua mdomo tu. Kamati ikakaa mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita. Mwenyekiti alikuwa Bosire, Mkisii aliyekuja zamani na kazi ya kampuni ya chai, akatoka huko akafungua duka la misumari na mabati hapo sokoni. Bosire alitaka mbao za mashini ziletwe na lori kutoka Kericho. Johana hakuwa wa kamati, lakini aliingia na kofia kichwani akasimama mbele yao. Aliwauliza kama wamesahau ni baba ya nani aliyetengeneza dari ya nyumba ya mwalimu mkuu, ile ambayo mpaka leo panya hawajapata njia.

Bosire akamwambia baba yake hayupo kwenye ajenda. Kama yeye ni fundi, alete mbao tatu zimeunganishwa, Jumapili inayofuata wazinyanyue mbele ya dirisha. Mwanga ukipita, lori liende Kericho.

Johana angenyamaza hapo, angekuwa salama. Lakini hasira ilimshika, akasema mbele ya kamati na mbele ya kina mama waliokuwa wakifagia kwamba wakiona mwanga, ataweka randa chini na hatashika mbao tena, ataenda kampuni kuchuma chai na kikapu mgongoni. Kina mama waliacha kufagia. Kabla kikao hakijafungwa, Kiplimo alikuwa ameshaambiwa.

Kesho yake Johana alifanya jambo ambalo hakuwa amefanya tangu mazishi. Alienda mwenyewe kwa lango la Kiplimo. Kiplimo hakumfungulia, aliongea naye juu ya lango.

"Nimekuja kuomba randa ya baba," Johana akasema.

"Ya baba ulipewa. Hii ni ya nyumba ya mama yangu."

"Nitairudisha kabla ya Jumapili."

Kiplimo alimtazama mgongo kama mtu anayenunua fahali. "Nasikia kampuni inaandika watu. Omba kikapu kikubwa, wewe mgongo unao."

Johana akaligeuzia lango mgongo huohuo. Hakwenda kwake. Alienda kwa mama yake, Chepkurui, aliyekuwa bado anaishi kwenye nyumba yake ya zamani ya udongo. Hakupokelewa kwa uji. Mama alikuwa ameona kila kitu kupitia tundu la kayaba, akaanza kumgombeza kabla hajakaa. Alimwuliza ni tumbo gani lililomzaa mpaka aende kuinama kwa mlango wa nyumba ile. Akamwambia bora angekuwa msichana, angeolewa mbali.

Johana alikaa kando ya moto, ameinua macho juu ili asimtazame. Na juu kuna nini? Juu kuna tabut, ile dari ya ndani ambako mama huweka mahindi na vibuyu. Sakafu ya tabut ya Chepkurui ilikuwa ya mianzi iliyopasuliwa, mianzi ya msitu wa Mau aliyowekewa alipoolewa. Moshi ulikuwa umeipitia tangu Johana hajazaliwa. Ilikuwa nyeusi, imenyooka, imekauka kama mfupa. Johana alitazama muda mrefu, mama akidhani anatubu.

Alichokuwa anafikiri ni hiki. Yeye ana randa ya mfereji. Akichimba mfereji kingo zote mbili za kila mbao, hatahitaji ulimi wa mtu. Atachonga ufito wa mwanzi, mkavu usioweza kupinda tena, ausukume kati ya mbao na mbao, nusu huku na nusu kule. Utauma pande zote mbili.

Akaomba mianzi ya tabut.

Mama akamwambia kwamba mwanamume mwenye akili hapandi kwa tabut ya mama yake, na kwamba mahindi hatayaweka kichwani. Johana akasema basi, aiache, atachuma chai. Mama akauliza kama huo mwanzi utamfanya yule wa ng'ambo akose usingizi. Johana akasema anafikiri hivyo.

"Basi shika chini," Chepkurui akasema, akachukua panga akapanda mwenyewe.

Aliteremsha mianzi mmoja mmoja, na kila mmoja aliutupa karibu kabisa na kichwa cha mwanawe, na masizi na mavi ya panya yakimwagika juu yake. Hakuwa amemsamehe, alikuwa tu anamchukia Kiplimo zaidi. Mahindi yalilala chini kwenye magunia mpaka tabut ilipowekwa mbao.

Jumapili ilipofika Johana alileta mbao zake tatu za saiprasi. Kiplimo, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, naye alikuja na mwavuli wake mweusi akakaa mbele. Bosire na mzee mwingine walinyanyua mbao mbele ya dirisha la mashariki. Watu walifinya macho. Hapakuwa na mwanga.

Kiplimo akasimama akasema hizo si mbao za kuumana, hazina ulimi, zimeungwa kwa fito kama banda la kuku. Bosire alizigeuza, akapitisha kucha kwenye ungio, akafikiri. Yeye na Johana hawakupendana, hilo kila mtu alilijua.

"Mimi nilisema mwanga," Bosire akasema. "Sikusema ulimi." Akamgeukia Johana. "Na ukija tena kwa kamati yangu, utavua kofia."

Kazi ikafanywa Januari, wakati wa jua. Johana alipigilia mbao za dari akiacha nafasi ndogo kati ya moja na nyingine, kama unene wa kijiti cha kiberiti, ufito mweusi ukionekana ndani yake kama mstari. Kiplimo akaja akainua ncha ya mwavuli akafuata mistari hiyo mmoja baada ya mwingine. Aliwatangazia watu sokoni kwamba dari imeanza kufunguka kabla haijazinduliwa, atakayekaa chini yake aje na sufuria kichwani. Wengine walicheka, na wengine, nawajua, walisogeza benchi zao karibu na mlango. Johana aliambiwa akazibe. Akasema atakayegusa dari yake atamvunja kidole, wangoje mvua.

Mvua ya Machi ikaja. Mbao zikanywa unyevu, zikavimba, ile mistari ikafungika. Wale waliohama wakarudisha benchi bila kusema kitu. Kiplimo akasema hiyo si mvua. Mwishoni mwa mwaka ikaja El Nino, ambayo hakuna mtu wa Kenya atakayebisha kuwa ilikuwa mvua. Barabara ya kwenda Mulot ilikatika na majani chai yaliharibika njiani, magari yamekwama. Juu ya mabati ilipiga kama mawe, na chini ya dari mhubiri alisikika. Hakuna mbao iliyoinama.

Basi Johana hakwenda kampuni. Alipata dari ya zahanati, kisha watu wa Kiptere wakamwita, na mpaka leo anachimba mfereji pande mbili na kuwatukana wateja. Mwanzi anaununua sasa, anautundika juu ya moto wa mama yake uive kwa moshi, na mama analalamika. Randa ya ulimi bado iko kwa Kiplimo, karibu na kalenda. Sidhani kama itatoka hapo.

Lakini Kiplimo hakuacha kuja. Alikuja kuona dari ikianguka Jumapili ya kwanza, akaja ya pili asije akaikosa, na sasa hakuna mtu anayehudhuria kanisa la Boito kumshinda. Mvua ikinyesha barabara ikiwa matope, yeye ndiye wa kwanza kufika. Walimpa kazi ya kukusanya sadaka. Johana hukaa nyuma yake, upande wa pili, na hawajawahi kupeana mkono.

Mara ya mwisho nilipopita hapo, mhubiri alituambia tufumbe macho tuombe, na kanisa lote likainamisha vichwa. Kiplimo alikuwa ameinua uso, anatazama dari. Johana alikuwa anamtazama Kiplimo. Mimi nami sikuwa nimefumba vizuri.