Kwa Nini Solange Alikwenda Kwenye Kilio

Siku yangu ya kwanza kazini nilitegemea kuona makovu. Nilikuwa nimepanda basi la Coventry Road asubuhi, nimevaa gauni la heshima, na kwenye mkoba nimetia vitambaa vya kutosha kufuta machozi ya watu wote wa Small Heath, hapa Birmingham. Ofisi ya shirika letu ilikuwa juu ya duka la nguo la Wasomali. Humo nilimkuta kijana mmoja aliyetolewa kwenye uwanja wa kuosha magari kule Tyseley, ameketi kwenye kiti cha plastiki anakula mkate. Hakuwa na kovu hata moja. Aliponiona alisimama, akaacha mkate wake, akaanza kunifutia kiti kwa mkono wa shati.

Msimamizi wa Zamu, bosi wangu wa kwanza, alikuwa Singasinga mzaliwa wa Nakuru, mwenye kilemba cha buluu na Kiswahili cha dukani. Alinivuta pembeni.

"Dada, sikiza. Usimuulize kama alikuwa slave. Muulize kama amekula, kama amelala, kama miguu inamuuma. Hiyo ingine itakuja yenyewe. Ukim-rush atafunga mdomo, na kesi imekwisha hapo."

"Kwa hiyo ameachiwa huru jana?" nikauliza.

"Ametolewa jana," akasema. "Huru? Hiyo ni maneno ingine."

Nilidhani ananitania. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, mnaokuja na digrii zenu na sauti zenu za upole, ili msikae miaka mingi kama mimi kabla ya kuelewa alichosema mzee yule. Tabora nilikozaliwa tulifundishwa darasani kwamba utumwa ulipigwa marufuku. Tukajibu mtihani, tukapata alama zetu, tukaenda likizo. Hakuna mwalimu aliyetuuliza wale walioachiwa walilala wapi siku hiyo, wala kesho yake walilima shamba la nani. Swali hilo nilikutana nalo Birmingham, tayari nina mvi.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Mtu akishatolewa kwa aliyekuwa akimtumikisha, faili lake hupelekwa serikalini kusubiri maamuzi mawili. La kwanza ni uamuzi wa awali, yaani afisa anasema kuna sababu ya kuamini kwamba huenda huyu alikuwa mtumwa. Hapo mtu anapata kitanda katika nyumba ya hifadhi, nyumba ya kawaida isiyo na bango wala anwani ya kutajwa, na anapewa mhudumu wa kesi, ambaye ndiye mimi. La pili ni uamuzi wa mwisho. Huo hutolewa na afisa ambaye hajawahi kumwona mtu mwenyewe hata kwenye picha, isipokuwa awe amepelekewa picha, na picha hizo nitazieleza. Kati ya uamuzi wa kwanza na wa pili kuna kungoja. Wateja wetu wengi waliotoka nje ya nchi hii hawakuruhusiwa kufanya kazi ya mshahara wakati wote huo. Fikirini wenyewe. Mtu ametumikishwa bure ujana wake wote, hamu yake kubwa ni kushika mshahara wake kwa mkono wake, na wanaojiita wakombozi wake wanamwambia kaa hapo, tazama televisheni.

Nilimuuliza Msimamizi wa Zamu yeye huvumilia vipi. Alisema kila Jumapili hulima viazi kwenye kijishamba chake na kuvitukana. Alistaafu kabla yangu na nilimkosa sana.

Baadaye nilihamishiwa nyumba ya hifadhi ya wanawake huko Hodge Hill. Mtaa ulikuwa wa nyumba pachapacha, kila moja na ua wake mdogo mbele, na jirani aliyedhani sisi ni hosteli ya wauguzi. Bosi wangu sasa alikuwa Meneja wa Nyumba, Mwingereza mrefu mwenye haraka, aliyeniita Asha tangu dakika ya kwanza, si Mama Zuhura kama wengine, ingawa ningeweza kumzaa. Si mtu mbaya. Alipenda kila kitu kiandikwe, na alikuwa akilia garini peke yake kisha akaingia ndani na uso mkavu.

Huko ndiko aliko­letwa Solange. Alitoka Bukavu, Kongo, akiwa binti mdogo, ameletwa na familia moja ya kwao iliyowaahidi wazazi wake kwamba atasomeshwa. Badala yake alipika, akafua, akalea watoto wa nyumba ile, akalala chumba cha mashine ya kufulia, na pasi yake ya kusafiria ikakaa kwa mama mwenye nyumba, ambaye wote walimwita Madame. Miaka ikapita hivyo. Muuguzi mmoja wa kliniki, aliyezoea kumwona akileta watoto, siku moja alimuuliza yeye mwenyewe hutibiwa wapi. Muuguzi akatoa taarifa, na kutoka hapo mambo yakafunguka.

Uamuzi wa awali ulimkubali. Akaanza kungoja. Akajifunza kupanda basi, akajifunza kuamka asubuhi bila kuitwa, na hilo la pili lilimsumbua kuliko la kwanza. Kisha siku moja alinijia sebuleni, simu mkononi, macho mekundu.

"Mama Zuhura, Bibi amekufa."

Bibi alikuwa mama mzazi wa Madame, aliyekuwa akiishi katika nyumba ile. Hakuwahi kumtetea Solange. Aliwahi tu kumwambia mara kadhaa kwamba chai yake ni nzuri.

"Pole mwanangu," nikamwambia. "Tutamwombea hapa hapa."

"Hapana, Mama. Inapashwa niende kwenye kilio. Sisi kwetu mutu akikufa tunaendaka, hata kama mulikuwa munachukiana. Kama siendi, batasema ni miye nilimuroga."

Nilimweleza hatari yake, na Meneja wa Nyumba akamweleza tena kwa Kiingereza cha taratibu. Lakini hakuwa mfungwa, na hatukuwa na haki ya kumfungia mlango. Na mimi nami nimezaliwa na watu wanaojua msiba ni nini. Kwetu asiyeonekana msibani huulizwa sababu mpaka na watoto wake waulizwe.

Akaenda. Alipofika alipewa kitenge cha sare kama wanawake wengine wote wa kilio. Kisha akafanya kile ambacho binti yeyote aliyelelewa vizuri Bukavu, au Tabora, au Kisumu, angefanya katika nyumba yenye msiba iliyojaa wageni: alifunga kitenge kiunoni akaingia jikoni. Akapika, akaandaa, akaosha masufuria. Hakuna aliyemwambia aingie, na hakuna aliyemwambia inatosha. Na kwa kuwa siku hizi hatuziki mtu bila simu kumi juu ya jeneza, picha zikapigwa.

Picha hizo ndizo zilizopelekwa kwa afisa. Madame alikuwa na mwanasheria, na mwanasheria alijua kazi yake. Uamuzi wa mwisho ukaja: umekataliwa. Afisa aliandika kwamba Solange alirudi katika nyumba ile kwa hiari yake, kwamba alivaa nguo ya familia, kwamba katika picha mojawapo anaonekana akitabasamu, na kwamba mtu aliyekuwa mtumwa hangefanya hivyo. Kutabasamu! Nani asiyetabasamu akielekezewa simu usoni? Niliusoma uamuzi ule nikahisi damu imenipanda kichwani. Mpaka leo nikiukumbuka lazima niinuke nitembee chumbani.

"Naelewa, Asha," Meneja wa Nyumba aliniambia. "Lakini afisa hapimi mila. Anapima ushahidi."

"Basi msiba mwingine ukitokea nimpigie simu aje," nikamjibu. "Tutamtengea kiti."

Hakucheka. Aliniambia tuna nafasi ya kuomba uamuzi upitiwe upya, mradi tupate taarifa za mashahidi, yaani watu walioingia katika nyumba ile na kuona Solange akiishi vipi. Mashahidi walikuwepo tele. Nusu ya jumuiya yetu ya Waswahili wa Birmingham ilikuwa imekula katika nyumba ile, Wakongo, Wakenya, Watanzania, kila Krismasi na kila ubatizo. Nikaanza kugonga milango. Hapo ndipo nilipojua watu wetu wana vikohozi vya namna gani. Huyu hakumbuki. Huyu mume wake amesafiri. Huyu ananiuliza kama nimeshakunywa chai.

Punde jumuiya ikapasuka vipande viwili. Kwaya ikagawanyika, watu wakaacha kusalimiana mbele ya duka la mihogo, na sherehe moja ikafanyika na wageni nusu. Mwenyekiti wa Jumuiya, mzee anayeheshimiwa na mimi pia nilimheshimu, akaitisha kikao cha upatanisho. Nilimpeleka Solange na matumaini mengi.

Mwenyekiti alisimama akasema maneno matamu. "Vita vya nyumbani vilitugawa, tumefika huku vipande vipande. Leo tumeanza kuwa watu wamoja, na mimi sitakubali tugawanyike tena kwa sababu ya mambo ya jikoni. Solange binti yetu atasamehe. Madame atampa kitenge na mkono wa amani. Hakuna atakayeandika kitu kwa serikali dhidi ya mwenzake. Kisha tutakula pamoja."

Mambo ya jikoni! Ujana mzima wa mtu. Huo ndio upatanisho nilioukuta kila mahali katika kazi hii, serikalini na kwetu wenyewe: wenye nyumba wanapeana mikono kwa furaha ya kuwa wamoja tena, na yule aliyekuwa akiwapikia anaombwa asiwaharibie siku. Nilitaka kusimama. Solange akanitangulia.

"Miye nilishasamehe," alisema, sauti ndogo. "Na Bibi nilimulilia kwa roho yote. Lakini Madame aseme mbele ya batu. Mu nyumba yake, miye nilikuwa nani?"

Madame hakusita. "Ulikuwa mtoto wangu. Ma fille. Nilikulea."

"Batoto bako bote balisoma, Madame. Miye nilisoma masomo gani?"

Watu waliinamisha vichwa. Madame akamgeukia Mwenyekiti, akamuuliza kama hiyo ndiyo adabu. Kabla Mwenyekiti hajajibu akainuka Mama Neema, mama mzima wa kwaya, Mkongo, rafiki wa Madame tangu kambi ya wakimbizi. Alisimama kwa tabu, ameshika kiti cha mbele yake.

"Miye nilikulaka pale kila dimanche tukitoka kanisa," alisema. "Huyu mutoto sikumuonaka akikaa. Hata siku moja. Na miye sikuulizaka."

Kikao kikafungwa kwa sala fupi sana, na chakula kikarudi majumbani kimefunikwa. Mama Neema na wanawake wengine wawili walitoa taarifa zao. Walilipia kwa kutengwa na marafiki wa miaka, na mimi niliambiwa na Mwenyekiti kwamba nimeivunja jumuiya. Nilimjibu kwamba kama ilikuwa imesimama juu ya mgongo wa binti mmoja, ilistahili kuvunjika. Hatujasalimiana vizuri tangu hapo.

Tulingoja tena, muda mrefu. Barua ilipokuja Solange aliniomba nimsomee.

"Inasema nini?"

"Inasema serikali imekubali. Ulikuwa mtumwa."

"Ile nilijua," akasema. "Sasa naweza kupata kazi?"

Niliitazama karatasi tena, japo jibu nililijua. Ruhusa ya kukaa na kufanya kazi ilikuwa faili lingine, kwa ofisi nyingine, na hilo halikuwa limeamuliwa. Nchi hii ilikuwa imekiri kwa maandishi kwamba binti huyu aliibiwa kazi yake, na hapo hapo ilikuwa inamkataza kuiuza. Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Alikunja barua, akaenda kuanua nguo.

Nimestaafu sasa. Vijana huniuliza kama najivunia, na huwa sijui nijibu nini. Najivunia waliolala salama. Sijivunii nchi inayofanya sherehe ya kufungua mlango na kumwacha mtu amesimama uani, wala watu wetu wanaopenda amani kuliko haki ya jirani yao. Msiniambie mambo yanahitaji muda. Muda unaotumika ni wa nani? Sijaona afisa hata mmoja akingoja mshahara wake.

Siku ya kuniaga shirika lilikodi ukumbi. Mkurugenzi Mkuu mwenyewe alikuja na hotuba ndefu, na neno uhuru alilitaja mpaka likachosha. Kulikuwa na pilau, sambusa, kuku wa kupaka. Nilipokwenda jikoni kutafuta maji nilimkuta Solange kwenye sinki, mikono imezama kwenye povu, kifuani amebandikwa kibandiko cha mtu wa kujitolea. Alikuwa amepika tangu alfajiri.

"Nani amekuweka hapa?" nikamuuliza.

"Balisema kazi ya mushahara hapana, Mama Zuhura. Lakini kusaidia bure, sheria inakubali." Akatabasamu. "Pilau iko muzuri?"

Nilirudi ukumbini bila maji. Nilipopewa kipaza sauti nilisahau yote niliyoandika. Niliwauliza tu kama wanajua ni nani amewapikia, na kama wanajua kwamba halipwi. Kisha Mkurugenzi Mkuu, kwa moyo mweupe kabisa, akamwita Solange atoke jikoni, naye akatoka akifuta mikono kwenye aproni. Ukumbi mzima ukasimama ukampigia makofi, marefu, wengine wakitokwa na machozi. Yalipokwisha, alirudi kuosha vyombo.